Bi Tena na Darasa la Mwanangu

Jumapili, 3 Machi

Mwanangu kapewa darasa! Darasa zima, lake peke yake, la watoto wadogo wanaoanza shule, na ufunguo wa mlango amekabidhiwa mkononi. Nimeushika mwenyewe. Nimeupima uzito.

Haya, sasa ndiyo nikusalimu, daftari. Hujambo? Mimi sijambo, tena zaidi ya sijambo, mimi kuanzia leo ni mama wa mwalimu.

Nilikununua uwe wa vipimo vya wateja wa cherehani, lakini viuno vya watu vitasubiri. Muhula huu nitaandika habari za binti yangu, ili siku atakapokuwa mkubwa wa walimu wote asitokee mtu kusema alibahatisha. Mimi niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu, tuseme ukweli, una adabu kuliko wa daktari yeyote.

Kuna sharti moja. Yupo kwenye majaribio. Mwezi ujao mwalimu mkuu ataingia darasani akae nyuma aangalie. Akiridhika, darasa ni lake. Asiporidhika atapewa mwingine, na mwanangu atarudi kuwa msaidizi wa kubeba chaki kama mwaka jana.

Baba yake kasema, "Ataweza."

Nikamwambia, "Ameshaweza. Bado kuonwa tu."

Jumanne, 5 Machi

Siku ya pili ya shule. Nilimngoja mlangoni nijue watoto wamefika herufi gani. Herufi? Siku mbili nzima wamefundishwa kuingia darasani!

"Kuingia tu?" nikamuuliza.

"Kuingia, mama. Unasimama kizingitini. Unapangusa miguu kwenye gunia. Unamsalimu mwalimu, unatundika mkoba kwenye msumari wako, unakaa mkekani, unaanza kazi iliyo ubaoni bila kuambiwa. Nawaonyesha mimi, kisha anaonyesha mmoja wao, kisha wote. Akikosea mtu hagombezwi. Anarudi mlangoni, anaanza upya."

"Na kusoma je?"

"Kusoma kunakuja. Mtoto asiyejua aweke wapi mkoba, asubuhi yake yote inaliwa na mkoba."

Maneno mazuri hayo. Nikamuuliza kayatoa wapi, nikijua atasema kwako mama. Akasema, "Kwa Bi Tena."

Bi Tena ni mwalimu wa chumba cha pili, mtu mzima, amelea walimu wapya wengi pale. Shule nzima inamwita hivyo mbele yake na nyuma yake, kwa sababu neno lake ni moja. Mtoto akikosea, "Tena." Akipatia, "Tena," ili asisahau alivyopatia.

Nimefurahi mwanangu kapata mtu wa kumwelekeza. Nimefurahi sana.

Ijumaa, 8 Machi

Kila mtoto kawekewa picha juu ya msumari wake, maana hawajajua kusoma majina. Mwingine samaki, mwingine kikombe, mwingine mwavuli. Kuna katoto kamoja kanaitwa Mzee Kwanini, kanauliza kila kitu, hako kamepewa picha ya ufunguo.

Picha kachora nani? Bi Tena. Kwa rangi za maji, kwenye makaratasi!

Mimi nina cherehani. Nina vitambaa vya kila rangi hadi paka analalia. Ningemshonea mwanangu samaki mwenye magamba. Binti yangu anachorewa na mtu baki na mama yake yupo hai, anapumua!

Niliuliza tu kama rangi za maji zinastahimili mvua.

Jumatano, 13 Machi

Mvua zimeanza. Mabati yanapigwa hadi tunaongea kwa ishara.

Leo nimeelezwa habari ya mkono. Darasa likichangamka mno, mwalimu hapigi kelele. Anainua mkono, kiganja wazi, anakaa kimya. Mtoto anayeuona anainua wake na kufunga mdomo. Kimya kinatembea kutoka mtoto hadi mtoto, ati.

"Mwalimu asiyetumia sauti ni mwalimu gani huyo?" nikasema. "Mimi nikiwaita ninyi kula, mtaa mzima ulikuwa unanawa mikono."

Mwanangu akacheka. Kisha akasema, "Bi Tena anasema sauti ni akiba, ukiimwaga asubuhi mchana huna."

Nikaenda jikoni. Nikafunika sufuria kwa nguvu kidogo.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Amemtaja Bi Tena kabla hajavua viatu.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Amemtaja mezani. Baba yake naye akauliza, "Bi Tena anasemaje?" Nimempa kipande cha nyama chenye mfupa mkubwa.

Alhamisi, 21 Machi

Mdogo wangu alikuja kupimwa gauni. Nilikuwa namweleza tu, bila ubaya wowote, jinsi mtu anavyoweza kusomesha mtoto miaka yote hiyo, akamshonea sare kwa mikono yake, kisha mtu wa chumba cha pili akaja na neno moja akavuna.

"Dada," akaniambia, "una wivu."

"Wivu wa nini? Geuka nipime mgongo."

"Pini zote nne umenichoma, dada."

Sina wivu. Nimeamua tu kuanzia kesho niwe nampelekea mwanangu chakula cha mchana shuleni mwenyewe, maana kile cha kubeba asubuhi kinapoa. Nitachukua mwavuli wangu mwekundu, ule unaoonekana.

Jumanne, 26 Machi

Leo nimeingia kazini!

Nilifika na chakula, mvua inamwagika, nikamkuta mwanangu kaitwa ofisini ghafla. Watoto wapo barazani wanasubiri kuingia baada ya mapumziko, na mwalimu wao hayupo. Wamesimama mstari, sikatai, lakini ule mstari ulikuwa unaanza kupinda kama mkia wa mjusi.

Nikamwona Bi Tena kwenye dirisha la chumba chake. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona karibu. Mwembamba, miwani imeshuka puani. Akaniangalia, nikamwangalia. Akaanza kuja. Nikajiambia, thubutu, leo sitasaidiwa.

Kwenye mfuko wa aproni huwa nina peremende, za watoto wa wateja wasiotulia nikiwapima. Nikachukua moja, nikainua mkono juu kama nilivyosimuliwa. Jamani! Kimya kikaanguka kama pazia. Mstari ukanyooka ungedhani nimeupiga pasi. Nikawagawia mmoja mmoja wakaingia. Mzee Kwanini akaniuliza, "Kwa nini unatupa?" Nikamwambia, "Kwa sababu mna adabu." Akaila.

Bi Tena alisimama katikati ya baraza, akageuka akarudi kwake. Yeye kahangaika majuma matatu, mimi nimemaliza kabla chakula hakijapoa.

Tatizo moja tu. Wananiita Bibi. Mimi!

Alhamisi, 28 Machi

Nimefika tena mapema, kabla mwanangu hajatoka chumba cha walimu. Mkono juu, peremende, kimya. Wananikimbilia wakiona mwavuli. Sijamwambia. Nataka siku akisifiwa nimwambie, mwanangu, hayo ni ya mama yako.

Jumanne, 2 Aprili

Jana na leo pia. Nimenunua mfuko mzima, za rangi. Mvua haikati.

Jumatano, 3 Aprili

Sijui nianzie wapi. Samahani kwa mwandiko.

Mwanangu aliingia nyumbani amelowa, kitambaa cha kichwa kimemshukia shingoni. Akakaa kwenye kiti changu cha cherehani. Baba yake akamuuliza kama anaumwa. Akasema mwalimu mkuu aliingia darasani leo.

"Akasemaje?" nikauliza, tayari natabasamu, mjinga mimi.

"Waliingia vizuri, mama. Gunia, salamu, misumari, mkeka. Nilikuwa najisikia kulia kwa furaha. Kisha wakaanza kunong'ona, kidogo tu. Nikainua mkono."

Akakikamua kile kitambaa cha kichwa. Mabati yalikuwa yanapiga.

"Wakainuka wote. Wakaja mbele wakanizunguka, viganja wazi, kama watu wanaokinga maji ya paa. Nikainua mkono juu zaidi, wakasukumana. Mzee Kwanini akaniuliza, 'Mwalimu, leo ni ya rangi gani?' Mbele ya mwalimu mkuu. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Alisema, 'Mwalimu, darasa hili limefundishwa kuomba.' Amenipa hadi tarehe kumi na saba. Atarudi mara moja tu."

Nilifungua mdomo nimtaje Bi Tena. Naandika ukweli. Lilikuwa limeshafika ulimini, kwamba huenda Bi Tena katia fitina, kwamba walimu wakongwe huwaharibia wapya. Lakini mwanangu alikuwa ananyoosha mkono kwenye aproni yangu iliyoning'inia. Akatoa mfuko wa peremende, akauweka juu ya meza ya kukatia.

"Nilikuwa nakusaidia," nikasema.

"Ulikuwa unashindana, mama."

Akaenda kulala bila kula. Baba yake aliuchukua ule mfuko akauweka juu ya kabati kama mtu anayeficha dawa ya panya.

Alhamisi, 4 Aprili

Sikupeleka chakula.

Ijumaa, 5 Aprili

Sikupeleka. Anasema "shikamoo mama" na "asante mama" na hakuna kingine. Nimeshona zipu upande wa nyuma mbele.

Jumamosi, 6 Aprili

Bi Tena kaja nyumbani kwangu!

Mwanangu alikuwa ametoka. Nikasikia hodi, nikamwona kizingitini, matope hadi vifundoni, anatafuta pa kupangusia miguu. Sina gunia mlangoni. Ningeona aibu kama nisingekuwa na hasira.

"Karibu," nikasema, kwa ile karibu ya kufunga mlango.

"Asante, Mama Mwalimu," akasema.

Mama Mwalimu. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Ningependa ningeitwa na mtu mwingine kwanza, lakini sasa nimeshaitwa. Nikampa kiti. Nikampa chai. Sukari nikamwekea kidogo.

"Umekuja kunisuta," nikamwambia.

"Nimekuja kukuona. Nimechoka na wewe kabla hatujaongea."

"Umechoka na mimi? Mimi nimekukosea nini kingine?"

Akashusha kikombe. "Kila mapumziko nasikia wewe tu. Mama kashona. Mama kasema. Mama alikuwa akituita kula mtaa mzima unanawa mikono. Mtoto kafundishwa kazi na mimi, lakini akifurahi anakutaja wewe, akiogopa anakutaja wewe. Mwanangu mwenyewe yuko mbali, akinipigia simu anauliza kama mvua inanyesha, basi. Halafu mchana ukifika, naona mwavuli mwekundu getini, na chakula cha moto. Roho inanikwaruza. Siku ile ya peremende nilijua unaharibu. Nilikuja hadi katikati ya baraza. Nikajiambia, mwache, acha mwanawe aone. Nikarudi ndani. Hilo ni langu."

Kumbe huko kwake ninatajwa kila siku! Mwanamke yule ana wivu na mimi! Daftari, nisikufiche, nilifurahi hadi masikio yakapata moto. Na hapo hapo nikamhurumia, na hapo hapo nikamchukia kwa kuniacha niharibu. Nikaenda kumwongezea sukari.

"Nilichoharibu kitafutikaje?" nikamuuliza.

"Hakifutwi kwa kugomba. Watoto hawajakosa, wamejifunza ulichowafundisha. Mkono juu maana yake peremende. Sasa lazima wajifunze upya, na wajifunze kwa aliyewapa. Jumatatu uje darasani uwe mwanafunzi asiyejua kitu."

"Mimi?"

"Uingie vibaya. Vibaya kabisa. Wakufundishe wao."

"Mbele ya mwanangu?"

"Mbele ya mwanao."

"Na wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo, Mama Mwalimu. Siwezi kulikosa hilo."

Jumatatu, 8 Aprili

Nilitaka kuumwa. Nilijigusa shingo, haina homa. Nikaenda.

Mwanangu aliwaambia watoto, "Leo tuna mgeni hajui darasa letu. Mtazameni vizuri mnieleze." Hakunitazama. Bi Tena alikuwa kaegemea ukuta wa nyuma, miwani puani.

Nikaingia. Sikusimama kizingitini. Matope yangu yote nikayapeleka mkekani. Nikapaza sauti, "Hamjambo ninyi!" ile ya kuita mtaa. Mkoba nikautupa katikati.

Uso wa wale watoto! Ungedhani nimeingia na ng'ombe. Katoto kenye picha ya kikombe kakaziba mdomo. Mzee Kwanini akasimama.

"Bibi," akasema, "hatuingii hivyo. Rudi mlangoni."

Nikarudi. Nikapangusa mguu mmoja.

"Na wa pili, Bibi. Tena."

Nikarudi. Nikapangusa yote miwili, nikapita bila kumsalimu mwalimu. Darasa zima likasema, "Tena!" na nyuma huko nikaona mabega ya Bi Tena yanatikisika. Nikarudi. Safari hii sikuwa naigiza, nilikuwa nimesahau kweli nini kinafuata baada ya gunia! Nikasimama kizingitini kama siku yangu ya kwanza shuleni, nikiwa mdogo, nisiyejua nikae wapi, na hakuna aliyeniambia, hadi nikachapwa kwa kukaa pasipo pangu. Mzee Kwanini akanong'ona, "Salamu." Nikainua macho.

"Shikamoo, mwalimu," nikamwambia mwanangu.

Akazuia kicheko, akashindwa. "Marahaba. Karibu darasani."

Kisha ikaja ile yenyewe. Akainua mkono. Viganja vikaja mbele, vingi, vidogo, vinanitazama mimi. Nikageuza mifuko ya aproni nje, yote, mitupu. Nikainua mkono wangu na kufunga mdomo, mimi, na mdomo huu. Wakasubiri. Nikasubiri. Mzee Kwanini akakagua mifuko yangu kwa macho, akafikiri, akainua mkono wake. Kisha kikombe. Kisha samaki. Nikakiona kweli kimya kinatembea.

"Tena," akasema mwanangu. Tukarudia hadi mkono ukaniuma.

Mwishoni nikaonyeshwa msumari wangu wa kutundikia mkoba, juu yake pana picha aliyochora mwanangu mwenyewe. Nimeambiwa ni cherehani. Inafanana na mbuzi. Ni picha nzuri kuliko zote mle ndani.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimekwenda kila siku, mikono mitupu. Wameacha kunikagua.

Paa la darasa limevuja upande wa misumari, picha za rangi zimeyeyuka zote, samaki kawa wingu. Bi Tena alizibandua akaniletea nishone nyingine. "Zako za kitambaa hazitayeyuka," akasema. Sikumwambia nilishajua. Haya, nilimwambia, lakini nusu tu.

Jumatano, 17 Aprili

Mwalimu mkuu karudi.

Mimi na Bi Tena tulisimama barazani nje ya dirisha, chini ya mwavuli mwekundu, watoto wake wakiwa na mwalimu mwingine. Watoto wa mwanangu wakaingia vizuri. Gunia, salamu, misumari yenye picha zangu za kitambaa. Mwalimu mkuu alimgusa samaki magamba, nimeona!

Kisha mvua ikafunguka. Siyo mvua, ni kokoto juu ya mabati. Chumba cha pembeni tukaona mwalimu anapanua mdomo, watoto wanakimbia huku na huku, hakuna anayesikia hata jina lake. Kwa mwanangu nako wakaanza kusimama, mmoja akaziba masikio, wawili wakakimbilia dirishani. Sauti yangu yote niliyonayo isingefika hata mkekani. Bi Tena akanishika mkono, kucha zake hizo.

Mwanangu akainua kiganja.

Mzee Kwanini alikiona. Nikakatazama kale katoto ka ufunguo, nikasema moyoni, usiulize, mwanangu, leo usiulize. Akatazama kiganja. Akatazama dirishani, kwangu. Nikainua mkono wangu kwenye mvua. Akainua wake. Kikombe akainua. Samaki akainua. Wakakaa wote, mikono juu, midomo imefungwa, mabati yanaunguruma juu yao, na hakuna hata mmoja aliyekinga kitu.

Mwalimu mkuu aliandika neno moja, akampa mkono mwanangu. Darasa ni lake!

Na mwanangu akageuka dirishani akatabasamu.

"Kanitazama mimi," nikasema.

"Mimi," akasema Bi Tena.

"Mimi ni mama yake."

"Mimi nimesimama upande alioangalia."

Tumebishana hadi getini, tumelowa, mwavuli mmoja.

Jumamosi, 20 Aprili

Siku ya kufunga shule watoto watawafundisha wazazi kuingia darasani. Mwanangu kasema kila mtoto alete watu wake, na yeye ataleta wake. Baba yake ananunua viatu. Mdogo wangu nimemwonya, akipita bila kupangusa miguu atarudishwa na Mzee Kwanini, na mimi simjui. Bi Tena atakuja, kisha atakula kwetu, nimemwambia aje na njaa. Nimeweka gunia mlangoni. Nimemwachia akae upande wa kulia wa darasa, kwa heshima. Mimi nitakaa kushoto, ambako mwanangu hutazama kwanza. Ijumaa, tarehe ishirini na sita, saa tatu asubuhi, wote.